Jora la Sita la Osaka

Nianze kwa kusema kwamba mimi si mtu wa kubembeleza, wala kubembelezwa sijui. Uliza mtu yeyote katika bonde letu la Strona, kuanzia vijiji vya juu mpaka chini mjini Biella, atakuambia: "Remo wa ghalani? Huyo ulimi wake unawasha kama upupu." Haya, unawasha. Lakini kwa miaka thelathini na nane nimefunga majora ya kitambaa cha sufu katika kiwanda kilekile, na hakuna jora langu hata moja lililopotea njia. La Osaka lilifika Osaka, la Seoul likafika Seoul. Mwenyewe sijawahi kupita Genova, na Genova nilikwenda kumzika shemeji, nikalowa mvua, nikarudi.

Zamani bonde hili lilijaa viwanda, maana maji ya mto wetu ni laini na sufu inayapenda. Siku hizi vingi vimekufa, madirisha yamevunjika na miti imeota ndani. Sisi tuliobaki tunaishi kwa wateja wa mbali. Vijana wetu wenyewe wanafunga ndoa wamevaa fulana, lakini kuna bwana mmoja huko Osaka ambaye halali usingizi mpaka apate suti ya kitambaa chetu. Mungu ampe maisha marefu. Kati ya majora kumi yanayotoka ghalani kwangu, manane huvuka mpaka wa nchi, na kila moja, kabla halijanifikia, hupita chumba cha sindano.

Chumba hicho kiko juu, ghorofa ya tatu, kwenye madirisha makubwa yanayotazama kaskazini. Wanawake sita hukaa humo, kila mmoja na meza yake iliyoinama, wakivuta kitambaa shubiri kwa shubiri. Hakuna mtambo wa kufumia usiokosea. Uzi hukatika, fundo huingia, uzi wa rangi nyingine hujipenyeza. Kazi ya wanawake hawa ni kulitafuta kosa kwa jicho na kwa ncha ya kidole, kulitoa kwa kibano, kisha kupitisha uzi mpya kwa sindano, juu, chini, juu, chini, mpaka hata aliyekifuma kitambaa asijue kosa lilikuwa wapi. Wakifanya vizuri hakuna anayeona kitu, kwa hiyo hakuna anayewashukuru. Mimi nilikuwa nawashukuru kimoyomoyo. Kwa nini niwavimbishe kichwa?

Bingwa wao alikuwa Ersilia. Miaka sitini na minne, mjane wa Nando aliyekuwa fundi wa mitambo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini na maneno makali. Alikuwa ameshastaafu, lakini kiwanda kilimrudisha kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja ili awafundishe wengine. Kila mwezi wa saba bosi wetu, Bi Costanza, binti wa mwenye kiwanda, alikuwa akiamua kama Ersilia aendelee au aende nyumbani.

Na niseme jambo hili mapema usije ukanisumbua kwa kubahatisha: nilikuwa nampenda. Miaka sita. Hakuna aliyejua, maana sisi watu wa huku maneno tunayapima kwa mizani ndogo. Sikuwahi kuoa. Marehemu mama alisema ni kwa sababu ya mdomo wangu, na mama alikuwa mtu mkweli.

Kila siku saa nne Ersilia alishuka mpaka ghalani kwangu, kwenye ile mashine ya kahawa, akaniuliza, "Leo nakwenda wapi, Remo?"

"Leo unakwenda Istanbul. Jitande vizuri, wasituone washamba."

"Na kesho?"

"Kesho New York. Beba mwavuli."

Akacheka, akamaliza kikombe chake, akapanda tena. Dakika kumi. Siku yangu yote ilikuwa hizo dakika kumi, na saa zilizobaki nilikuwa nazipitisha tu kwa kugombana na madereva.

Sasa, Jumanne moja ya mwezi wa sita yaliletwa majora sita ya oda ya Osaka. Oda hiyo ilikuwa ya ajabu kidogo. Bwana wa Osaka safari hii hakutaka kitambaa laini. Alitaka kijivu chenye vinundu, yaani vijifundo vya uzi vilivyojitokeza juu ya kitambaa, huku kimoja, kule kimoja, kama kimefumwa na bibi kizee mlimani. Tulitia makosa kwa makusudi! Mitambo ilipangwa hivyo wiki nzima. Kwenye kila jora pakabanwa karatasi: VINUNDU VISIGUSWE. Jumatatu asubuhi Bi Costanza mwenyewe alipanda chumba cha sindano akawaeleza wanawake, wakacheka mpaka machozi. Miaka yote tunang'oa mafundo, leo tunayalea!

Nikayapapasa majora yangu kabla ya kuyafunga, ndiyo desturi yangu. La kwanza, vinundu. La pili, la tatu, la nne, la tano, vinundu. La sita likateleza mkononi.

Nikalifungua mita moja, mita tano, mita ishirini. Laini. Safi. Hakuna kinundu hata cha dawa. Nikalipeleka dirishani nikalitazama kwa kioo cha kukuzia, na hata kwa kioo sikuona sindano ilipopita. Katika kiwanda hiki ni mtu mmoja tu awezaye kushona hivyo. Mita hamsini! Alikuwa ameking'oa kila kinundu, kimoja kimoja, na kuliziba kila pengo kwa ustadi ambao ningeupigia magoti kama usingekuwa balaa. Lori la uwanja wa ndege lilikuwa linakuja Ijumaa saa tano.

Nikaketi juu ya boksi. Nitakuambia kitu ambacho sijivunii. Miezi michache kabla ya hapo nilikuwa nimekuta majora matatu ya Ersilia yenye kosa lililopita. Uzi wa bluu katikati ya kitambaa cha kijivu, kosa ambalo mtoto angeliona. Kila mara nililichukua jora hilo kimyakimya, nikampelekea Loredana, anayekaa meza ya jirani na Ersilia, nikamwambia atengeneze na asiulize. Nikajiambia ni uchovu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema, na mimi nikawa mtu wa kupaka chokaa juu ya ufa.

Saa ya chakula wengine walipokwenda kula, nikapanda. Ersilia alikuwa peke yake mezani kwake na mkate na jibini.

"Jora la sita la Osaka," nikasema.

"Lina nini? Lilikuwa na mafundo kama upele. Tangu jana mchana nimelihangaikia. Waambie wale wa mitambo wanaleta takataka."

"Karatasi hukuisoma?"

Akaugeuza mkate mkononi.

"Ersilia, imeandikwa kwa herufi kubwa. Na Bi Costanza aliwaeleza Jumatatu."

"Jumatatu asubuhi sikuwapo. Nilikwenda kwa daktari wa meno Biella."

"Meno gani?"

Akauweka mkate chini. "Remo, sogea. Hapana, usisimame mbele yangu. Simama huku pembeni. Ndiyo, hapo. Sasa nakuona kidogo." Akavuta pumzi. "Si meno. Ni macho. Katikati pameziba. Nikimtazama mtu usoni, uso haupo. Nikitazama sikio lake, ndipo mdomo unajitokeza. Kusoma nimeacha tangu mwaka jana. Daktari anasema hayarudi."

"Mwaka jana! Na umeshona kwa nini mwaka mzima?"

Akaniinulia vidole vyake kumi mbele ya pua.

Loo! Nilitaka kumgombeza, nilitaka kupiga meza, na badala yake nikabaki kuvihesabu vidole vile kama mtoto. Mwaka mzima, majora ya Seoul na Istanbul na New York, kwa vidole tu. Na Jumatatu ile vidole vilikuta mafundo, vikafanya kile vilichofundishwa kwa miaka arobaini na sita.

Nikamweleza habari ya vinundu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akajifunika mdomo kwa mkono. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, lakini kicheko hicho kikaishia vibaya.

"Mwezi ujao Costanza anaamua mkataba wangu," akasema. "Akijua, imekwisha. Na ana haki. Lakini Remo, nyumbani kila kitu nakijua kilipo. Kikombe, kiti, picha ya Nando. Sihitaji hata kunyoosha mkono. Hapa kila asubuhi jora ni jipya. Ukinitoa hapa nitakaa kwenye kiti kile mpaka wanichukue."

"Nani anakutoa?"

"Wewe hujakosea kufunga jora tangu uzaliwe. Utalifungaje hili?"

"Nitalifunga likiwa na vinundu," nikasema. "Unaweza kuvitoa, basi unaweza kuvirudisha."

"Umerukwa na akili."

"Muda mrefu tu. Saa kumi na moja na nusu, kengele ya kutoka ikilia, shuka ghalani. Funguo ninazo mimi."

Mwezi wa sita kwetu jua halina haraka ya kuondoka. Mpaka saa mbili na zaidi ghala lilikuwa na mwanga. Nilitandika jora juu ya meza ya kupimia, karibu na mlango wa nyuma unaotazama mto, nikachukua kutoka mitamboni kidonge cha uzi uleule. Sampuli ilionyesha vinundu vitatu kwa kila mita. Mia na hamsini kwa jumla, hamsini kila jioni. Mimi nilikuwa nikimtilia uzi kwenye sindano na kumwonyesha mahali, yeye akausokota uzi kwa kucha, akaupitisha, akaukaza, kinundu kikakaa pale kana kwamba kilizaliwa hapo.

"Hapa," nikasema, nikamshika kidole nikakiweka. "Kingine hapa. Kingine hapa."

Baada ya mita tatu akapitisha kiganja juu ya kitambaa na kuguna. "Remo, hivi ni vinundu au vifungo vya kanzu ya padri?"

"Vina nini?"

"Vimepanga foleni! Wewe umezoea kupanga maboksi. Kosa halipangi foleni, baba. Kosa linakuja linapotaka. Hebu kaa, usinionyeshe kitu. Wewe tia uzi tu."

Nikawa mtia uzi. Yeye akawa anatupa mkono bila kuhesabu, na mahali mkono ulipoangukia ndipo alipotia kinundu. Nilipolinganisha na sampuli, ilikuwa sawasawa na kazi ya mtambo, hata bora kidogo. Nilimwambia. Akasema, "Nyamaza, unapoteza uzi," lakini niliona amefurahi.

Jioni ya pili alikuja na chungu kidogo cha ugali wetu wa mahindi uliosongwa na jibini na siagi, tukala kwa vijiko viwili juu ya boksi la Seoul. Aliniambia jinsi alivyoingia kiwandani ana miaka kumi na minane, jinsi mama mmoja mkali alivyomfunga kitambaa machoni kwa wiki nzima, akimwambia macho yanadanganya, kidole hakidanganyi. "Nilimchukia," akasema. "Laiti angekuwa hai nimpelekee maua." Mara mbili maneno yalinijia mpaka kwenye meno, yale ya miaka sita. Mara ya kwanza nikasema, "Kula, ugali unapoa." Mara ya pili nikasema mto umejaa. Shujaa mkubwa mimi!

Alhamisi jioni, vilikuwa vimebaki vinundu vinane tu, mlango ukafunguliwa na Loredana akaingia kufuata sweta alilosahau. Akatuona: mzee wa ghalani na sindano mkononi, Ersilia ameinama juu ya jora, kidole kikitembea peke yake na uso ukitazama ukutani. Loredana si mjinga. Alisimama pale na sweta lake, kisha akaja taratibu akamgusa Ersilia begani.

"Bi Ersilia, kumbe ni macho?"

"Ni macho, mwanangu."

"Basi ndiyo maana." Akanigeukia. "Na wewe mzee Remo nilikuwa nakulaani! Nikasema huyu ananionea, kila mara ananiletea majora ya Bi Ersilia nikatoe nyuzi za bluu, kwani mimi ni..." Akaona uso wangu. Akafunga mdomo, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

"Majora mangapi?" Ersilia akauliza.

Loredana akanitazama mimi.

"Loredana. Mangapi?"

"Matatu," Loredana akasema kwa sauti ndogo. "Ni matatu tu, Bi Ersilia, kwa miezi mingi. Mimi mwenyewe nakosea zaidi ya hapo." Akambusu shavuni akaondoka haraka, karibu asahau sweta mara ya pili.

Ersilia akaninyooshea sindano nimtilie uzi. Nikatia. Akamaliza vinundu vinane, akakunja kibano chake kwenye kitambaa, akavaa koti.

"Usiku mwema, Remo."

"Nitakusindikiza."

"Njia naijua."

Usiku ule sikulala vizuri. Lakini asubuhi jora lilikuwa limekwisha, nami nikajiambia: hasira zitapita, jora litapita, mkataba utapita, Jumatatu saa nne atashuka tena kunywa kahawa. Nikayapanga majora sita mlangoni, nikabandika lebo, nikapiga mluzi. Mimi, kupiga mluzi!

Saa tatu na nusu Bi Costanza akashuka ghalani. Yeye hupapasa kila oda kubwa kabla haijaondoka, kama baba yake alivyofanya. Alipapasa la kwanza, akaruka mengine, akaenda moja kwa moja kwenye la sita. Alilipapasa kwa muda mrefu, huku na huku, macho ameyafumba.

"Huwezi kujua," akasema. "Hata mimi nisingejua."

"Kujua nini, Bi Costanza?"

"Kwamba hivi vimetiwa kwa mkono. Bwana Remo, usinitazame hivyo. Bi Ersilia alikuwa ofisini kwangu saa mbili, ameniambia yote. Macho, vinundu, kila kitu. Jora liende. Nimewaandikia Osaka ukweli. Wakilitaka walichukue, wasipolitaka walirudishe." Akafuta jicho kwa kiganja. "Nimemwomba akae mpaka mwisho wa mwezi tumfanyie sherehe. Amekataa. Amesema ameshaaga."

Nitamaliza habari ya Osaka hapahapa ili isitusumbue: baada ya wiki mbili walijibu kwamba wamelipapasa jora la sita na hawaoni tofauti yoyote. Ersilia aliposikia alichukia kuliko kama wangelikataa. "Hawaoni tofauti?" alisema. "Basi hawana vidole."

Lakini Ijumaa ile sikuwa na habari na Osaka. Nilisaini karatasi za dereva bila hata kumgombeza, lori likaondoka, nikapanda ngazi. Mapafu yangu si mazuri kwa ngazi. Chumba cha sindano kilikuwa kimya. Meza ya Ersilia ilikuwa tupu, na Loredana alikuwa ameketi ameshika kibano kidogo cha chuma chenye mpini uliolika, analia bila kujificha. Kwetu mwanamke wa sindano hununua kibano chake mwenyewe siku ya kwanza, na hakiazimishi hata kwa dada yake. Akimpa jirani yake wa meza, ndiyo kwaheri, na kwaheri hiyo haitanguliwi.

"Yuko wapi?"

"Alikuwa anaaga wafumaji. Mzee Remo, nisamehe, mdomo wangu..."

"Mdomo wako una nini? Wangu ndio wenye kesi."

Nilimkuta kwenye ngazi, ghorofa ya pili, anashuka taratibu na mkoba wake, mkono mmoja kwenye chuma cha ngazi. Nikasimama mbele yake, kisha nikakumbuka, nikasogea pembeni.

"Jioni tatu!" nikasema. Sauti yangu ilijaa ngazi nzima. "Jioni tatu tumeinamia jora lile mpaka mgongo wangu umekatika, halafu asubuhi unakwenda kusema mwenyewe! Hakuna ambaye angejua! Costanza mwenyewe amesema!"

"Mimi ningejua."

"Umenifanya mjinga."

"Remo, shusha sauti. Nina macho mabovu, si masikio." Akaweka mkoba chini. "Kitambaa chenye vinundu nilikikosea kwa sababu sikusoma karatasi. Hilo nililimeza. Nilisema mtu atanisomea, mambo yataendelea. Lakini uzi wa bluu kwenye kijivu kidole hakiujui, na hakitaujua hata nikiishi miaka mia. Majora matatu uliyaona wewe. Mangapi hukuyaona? Kuna mtu amevaa suti yenye kosa langu mgongoni, Remo, na kazi yangu yote ilikuwa mtu huyo asiwepo."

Nikatazama vidato vya ngazi.

"Sasa nijibu mimi," akasema. "Jora la kwanza ulidhani nimechoka. Nakuamini. La pili, haya, tuseme pia. La tatu je?"

Ningeweza kudanganya. Asingeuona uso wangu. Ndiyo maana sikuweza.

"La tatu nilijua," nikasema. "Sikujua ni kitu gani, ila nilijua kuna kitu."

"Na hukuniambia."

"Sikukuambia."

"Kwa nini? Mwaka mzima nimekuwa peke yangu na jambo hili. Nilikuwa nahesabu ngazi, nahesabu meza, nalala na hofu naamka nayo. Mtu mmoja angeniuliza tu, Ersilia, una nini? Mmoja! Nawe ulijua, ukakaa kimya. Kwa nini?"

Chini mitambo ilikuwa inapiga kelele yake ya kila siku. Nikashika chuma cha ngazi.

"Kwa sababu ningekuuliza, ungeondoka," nikasema. "Na ukiondoka mimi nabaki na maboksi. Nakupenda, Ersilia. Miaka sita. Nilikuacha na hofu yako peke yako ili mimi nisikose kukuona saa nne. Ndivyo nilivyo. Nimekuona unapotea, nikanyamaza, kwa sababu ya dakika kumi."

Alikuwa anatazama sikio langu, na nilijua sasa maana yake ni kwamba anajitahidi kuuona mdomo.

"Hayo ndiyo maneno uliyoyafungia ghalani miaka sita?" akasema hatimaye.

"Ndiyo hayo."

"Mjinga we."

"Mjinga, ndiyo."

"Mjinga kabisa, mjinga wa kupelekwa maonyesho! Ghorofa tatu, Remo. Kila siku nilikuwa nashuka ngazi hamsini na mbili, mwaka huu nimezishuka gizani, kwa ajili ya kahawa ya mashine inayonuka soksi. Juu tunayo birika yetu, na kahawa nzuri ya Loredana. Ulidhani nafuata nini huko chini?"

Nikafungua mdomo. Ulimi wangu, huo unaowasha kama upupu, ulikuwa umelala.

"Bado nimekukasirikia," akasema. "Usidhani yamekwisha. Nitakukasirikia kwa muda mrefu, na utakuwa unakuja nyumbani kukasirikiwa."

"Nitakuja."

"Jumapili."

"Jumapili."

King'ora cha saa sita kikalia, milango ikafunguka kila ghorofa, na watu wakaanza kumiminika kwenye ngazi, wafumaji, watia rangi, wanawake wa sindano. Nikaokota mkoba wake. Yeye akanyoosha mkono, akapapasa hewani kidogo, akaukuta mkono wangu, akapitisha wake kwenye kiwiko changu. Katika bonde letu mjane hamshiki mwanamume mkono langoni mwa kiwanda saa ya king'ora. Akifanya hivyo, jioni padri ameshaulizwa tarehe ya harusi.

"Ersilia, watatuona."

"Akina nani? Mimi simwoni mtu."

Tukatoka hivyo, katikati ya watu wote. Walitupisha. Loredana akaanza kupiga makofi, halafu wote wakapiga, na Bi Costanza kwenye dirisha la ofisi naye akapiga. Nilikuwa mwekundu kama nyanya, sikumtukana hata mmoja wao. Nje, kabla ya daraja la mto, kuna vidato viwili vya jiwe vilivyobomoka, ambavyo ameviruka kila siku tangu ana miaka kumi na minane.

"Kidato," nikamwambia.

"Najua," akasema, lakini mkono hakuutoa.